Mlango wa Nyamerambo

Vijana wa chumba cha seva, siku ya kuniaga kazini, mmoja wenu aliniuliza seva ya Linux inaweza kubeba intafesi ngapi. Sikumjibu, maana mgeni rasmi alikuwa ameshasimama na kisu juu ya keki. Sasa niko nyumbani, kuku wangu hawana maswali mengi, na nimepata nafasi. Jibu lenyewe ni refu na lina marehemu ndani yake. Vumilieni.

Nilianza kazi Bomani, hapa Tarime, kwenye redio koli. Mradi wetu ulikuwa unaunganisha zahanati za vijijini na hospitali, ili nesi akizidiwa aombe gari. Siku ya kwanza nilienda nimevaa viatu vya kanisani, nikakalishwa mbele ya kisanduku cha kijivu kilichokuwa kinakoroma. Mpaka saa ya chai hakuna aliyeita, nikaanza kufikiri nimekiharibu. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka katikati ya mkoromo, tulivu kabisa, ikasema ina mtoto mwenye degedege na inaomba gari.

"Na huyo mpya ni nani?" akauliza alipomaliza.

"Weigesa."

"Weigesa, sogea karibu na hicho kisemeo. Unasikika kama umeingia ndani ya mtungi."

Huyo alikuwa Robi, nesi wa Nyamerambo, kitongoji kidogo kata ya Nyansurura, upande wa Serengeti. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi na kuonana mara chache mno. Ningeweza kumtambua kwa pumzi tu, lakini ningempita sokoni bila kumsalimia.

Redio koli ilipopitwa na wakati, tukaletewa seva, na aliyenifundisha seva ni Mzee Okoth. Alikuwa Mjaluo mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka wa Sirari, na Kiswahili chake kilibadilika kutegemea upande aliotoka kutembelea. Aliifungua mashine juu ya meza, akaniwekea kadi ya mtandao kiganjani.

"Sasa hii, binti, ndiyo intafesi. Vitabu vinasema kiolesura. Sisi tutasema mlango, tufanye kazi."

Mpaka wa kwanza wa milango, alinionyesha, unauona kwa macho: ni zile nafasi za kuchomekea kadi, na zikijaa zimejaa. Wa pili ni umeme na joto. Wa tatu hauonekani. Kila kadi ikipokea kitu humgongea prosesa, ubongo wa mashine, na prosesa akigongewa hodi kutoka kila upande hafanyi kazi nyingine. Kuna mwaka tulijaza nafasi zote, na mashine ikapata joto mpaka mjusi akahamia nyuma yake. Tukamfanya kipimo: mjusi akinenepa, tunatoa kadi moja.

Umeme wa Tarime nao ulitufundisha lake. Siku moja ulikatika, uliporudi mashine ikaamka huku kadi mbili zimebadilishana majina. Taa zote za kijani, kioo kinasema kila mlango uko wazi, na hakuna zahanati hata moja inayotupata. Tulihangaika mpaka mchana. Mzee Okoth alipogundua alikaa chini, akafuta miwani.

"Haijadanganya," akasema. "Imetuambia ukweli wa mlango mwingine."

Tangu hapo tulifunga kila jina kwenye namba iliyochongwa kiwandani ndani ya kadi yenyewe. Nanyi fanyeni hivyo. Msiwaamini wanaosema mashine za siku hizi zimeacha tabia hiyo.

Zahanati zilipoongezeka, kadi hazikutosha tena, na hazikuhitajika. Kila zahanati ilijenga njia yake kupitia intaneti hadi kwetu, na seva ikaizalia mlango usio na kadi wala waya. Milango ya namna hiyo inaitwa milango pepe. Nilipomweleza mama yangu neno hilo, aliniuliza kama siwezi kuomba uhamisho.

Hapo ndipo swali lenu linapokuwa gumu. Milango pepe unaweza kuiweka mamia, hata maelfu, na kiini cha Linux hakitakugombeza. Kumbukumbu itapungua, kuwaka kutachelewa, na ukiomba orodha utaletewa wakati umeshasahau ulichokuwa unatafuta. Lakini mashine itasimama. Kinachoanguka ni vitu vya pembeni. Tulipoingiza shule za upande wa Ringwani, vifaa vyote kwenye mtandao mmoja, seva ilianza kupoteza watu. Ukiita shule hii unaipata, ile ya jirani inapotea. Ukiipata ile, hii haipo. Zote zilikuwa zimewaka. Kumbe seva ina jedwali la majirani inaowajua, lina ukomo wake, na likijaa inamsahau mmoja ili imkumbuke mwingine. Ilikuwa inaandika hivyo hivyo kwenye kioo, kwamba majirani wamejaa. Tuliongeza ukomo, tukagawa mtandao vipande, yakaisha. Lakini siku ile nilikwenda nyumbani nikiwaza habari ya kuwapo, umewaka, unaita, na kusahauliwa.

Mambo mawili ya mwisho myashike, kwa sababu ndiyo yatakayotupeleka Nyamerambo. La kwanza, kila mlango unapozaliwa hupewa namba inayofuata ile ya mwisho, na mlango ukifutwa, namba yake haipewi mwingine mpaka mashine izimwe na kuwashwa. La pili, jina la mlango halizidi herufi kumi na tano. Mzee Okoth aliandika skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo mashine huyafuata yenyewe, ya kuzaa milango tulipokuwa na zahanati chache. Ilichukua jina la zahanati, ikalikata kwenye herufi ya kumi na tano, ikafuta mlango wowote wa zamani wenye jina hilo, ikazaa mpya. Ilikuwa skripti nzuri. Ilifanya kazi muda mrefu kuliko gari la mradi.

Robi aliugua kwa muda mfupi, akafa. Alizikwa nyuma ya zahanati, kwa kuwa kiwanja kile kilikuwa cha ukoo wake. Walikuwa wamekitoa wenyewe. Mvua za mwaka uliofuata zikapasua ukuta, zahanati ikafungwa, na baadaye ikajengwa nyingine kando ya barabara kwa jina lile lile, imeongezwa neno "mpya". Tuliambiwa vifaa vya kule vimeingia maji na vimekufa. Hakuna aliyerudi kutazama. Sote tulikuwa na huzuni, na njia ni mbaya.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini nilipoona kitu cha ajabu kwenye orodha ya milango. Milango mingine yote ilikuwa na namba za kawaida. Mlango wa Nyamerambo ulikuwa na namba kubwa mno, na kesho yake ikawa kubwa zaidi. Maana yake ulikuwa unafutwa na kuzaliwa, unafutwa na kuzaliwa, kila siku mchana jua likishaanza kushuka, kisha jioni unatulia.

Nikatazama upande wa simu. Zahanati zote zilikuwa na simu ya mezani inayopita kwenye mtandao, na simu ilifuata jina la mlango. Nilikuwa nimeiagiza seva izipigie zote kila mchana kwa majaribio. Ikipokelewa inakaa kimya kidogo, inakata, inaandika "mzima". Nyamerambo ilikuwa inapokea. Kila siku, mzima.

Nikapiga mwenyewe, mchana ule ule, chai yangu ikiwa mkononi. Ililia mara chache ikapokelewa. Nikasikia upepo, na bati linalogonga polepole, na kengele ya ng'ombe mbali. Zahanati mpya ina dari. Hakuna bati linalogonga pale.

"Haloo, Nyamerambo?"

Bati likagonga. Kisha sauti ya mwanamke, ya kizee, kwa Kikurya: "Nani?"

"Weigesa. Weigesa wa Bomani."

Nilisikia anapumua.

"Robi amelala," ikasema. "Piga kesho."

Ikakatwa. Chai ilinimwagikia kwenye sketi na sikuhisi moto wake. Nilikaa nikitazama kioo, na mbele ya macho yangu mlango ukafutika, ukazaliwa upya na namba mpya, wazi, kijani.

Kabla sijasimama, Samweli akanipigia kwa simu ya mkononi. Samweli ndiye mganga wa zahanati mpya, kijana wa Musoma, mpole sana.

"Shikamoo mama. Mtandao wa huku umekatika tena kama kila mchana."

"Marahaba. Samweli, hapo ofisini kwako kuna bibi yeyote?"

"Hapana mama. Niko peke yangu. Na hapa nimepanda kilimani kutafuta mtandao wa simu, ofisi nimefunga."

Nikamwambia nitaliangalia, nikakata.

Nilidhani nina muda wa kulifikiria jambo lile taratibu. Sikuwa nao. Siku chache baadaye, mchana, mama mmoja alijifungulia kwa Samweli na damu ikakataa kukata. Samweli alinyanyua simu ya mezani kuomba gari, ikawa bubu. Akaacha, akarudi kumkandamiza mama tumbo, akanyanyua tena, bubu. Mwisho mume wa yule mama aliruka kwenye bodaboda mpaka kilimani na simu ya Samweli, akanipigia mimi kwa sababu jina langu ndilo lililokuwa la kwanza kwenye simu.

"Mama, mke wangu anaisha," akasema. Hakujitambulisha. Nyuma yake pikipiki bado ilikuwa inanguruma.

Niliita gari la wagonjwa. Lilifika. Mama akapona, na mtoto akapona, lakini daktari aliyewapokea aliniambia kwamba wangechelewa kidogo tu asingekuwa na kazi ya kufanya. Wakati wote huo, mbele yangu, kioo kilikuwa kinaonyesha Nyamerambo: wazi, kijani, mzima.

Nikampigia Mzee Okoth. Alikuwa ameshastaafu, anaishi kwa ndugu zake ng'ambo ya Sirari. Nikamsomea jina la mlango herufi kwa herufi.

"Zahanati-nyamer," akarudia. "Basi imekata hapo, kabla ya kufika kwenye 'mpya'. Na ile ya kwanza inaitwaje?"

"Zahanati-nyamerambo."

"Ikikatwa?"

Nikahesabu kwa vidole. "Zahanati-nyamer."

"Haya. Zote mbili zinaingia kwa jina moja. Hii ikiingia inaifuta ile, ile ikirudi inaifuta hii. Zinatoana hivyo mchana kutwa." Akaongeza, "Lakini Weigesa, ili itolewe lazima kuwe na nyingine inayoingia. Wewe umesema kule pamekufa."

"Ndivyo tulivyoambiwa."

"Mimi ningeweza kukuambia andika mstari mmoja, uizuie, umalize. Uizuie leo hii, watu wasife. Lakini kesho nenda. Kuna mtu kule anapokea simu."

Nikaizuia Nyamerambo ya zamani alasiri ile ile, na Samweli akakaa hewani mpaka jioni kwa mara ya kwanza. Asubuhi nikachukua gari na dereva wetu Marwa. Kabla hatujaondoka nikaifungulia tena kwa jina jingine, la peke yake, ili nikifika niikute inafanya vile ilivyozoea bila kumtoa mtu.

Tulifika Nyamerambo jua likiwa limeshavuka utosi. Jengo lilikuwa limepasuka kutoka msingi mpaka kenchi, nyasi zimefika dirishani. Lakini njia ya kuelekea mlangoni ilikuwa imekanyagwa, haina hata unyasi. Marwa akasimamisha gari mbali.

"Mama, mimi nitakusubiri hapa," akasema. "Gari linahitaji mtu."

Ukuta ulipoinama uliigeuza paneli ya sola ikaangalia magharibi, na betri ilikuwa imekufa. Kwa hiyo vifaa vililala asubuhi nzima na kuamka jua likiipiga paneli. Hilo nililielewa pale pale, likanituliza. Kisha nikasukuma mlango.

Sakafu ilikuwa imefagiwa na kunyunyiziwa maji. Kitanda cha wagonjwa kilikuwa na shuka safi iliyokunjwa pembe. Mezani simu ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na pembeni rauta ilikuwa inawaka taa yake ya kijani. Kwenye kiti cha nesi alikaa bibi mwembamba, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni Weigesa." Hakuuliza. "Robi alikuwa ananisimulia. Mimi ni mama yake, Nyangi. Kaa, karibu inalia."

Nikakaa kwenye kitanda. Na kweli simu ikalia. Bibi Nyangi akaondoa kitambaa, akakikunja, akanyanyua kisemeo kwa mikono miwili.

"Robi," akasema.

Nilijua aliye upande wa pili. Ilikuwa seva yangu, na ule ukimya niliuweka mimi mwenyewe. Bibi akaueleza kwamba ndama wa yule ng'ombe mwekundu amesimama, kwamba kaka mtu amerudi kutoka Migori, kwamba mpaka wa shamba wameelewana. Alisema haraka haraka, kama anayejua hapewi muda mrefu. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka pale seva inapokata. Ikakata, nilisikia ule mlio mdogo kutoka nilipokaa.

Bibi hakushusha kisemeo. Aliendelea kusikiliza. Akatikisa kichwa, akasema "ee," akasubiri, akacheka kidogo kwa koo, akasema "ee" tena. Kisha akakirudisha na kukifunika.

"Mama, hii simu ni mashine inayopiga. Mimi ndiye niliyeiagiza. Haina mtu."

"Najua."

"Unajua?"

"Inapolia najua ni nyinyi. Nyinyi mnakaa kimya, mnakata. Mkishakata ndipo anakuja."

Bati likagonga juu yetu. Nikamuuliza kwa nini basi aliniambia Robi amelala.

"Ningekwambia amekufa, mngekumbuka kuja kuing'oa."

Nikamsimulia habari ya yule mama aliyekuwa anatokwa damu, yote, bila kuificha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na niliona mikono yake inatafutana mapajani. Alikuwa mama wa nesi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai. Na mtoto."

"Basi ing'oe," akasema. Halafu, taratibu: "Lakini hiyo ya kushika niachie. Ya ukutani chukueni."

Nikamwita Marwa, naye akaja akiwa ametanguliza salamu kabla hajaingia. Tukashusha antena, tukang'oa rauta, tukakunja nyaya. Waya wa simu niliukata mimi mwenyewe kwa koleo, nikauviringisha mfukoni. Simu nikaiacha mezani chini ya kitambaa chake, plastiki tupu. Bomani nilifuta jina la zamani, nikabadili skripti ili kila zahanati iwe na alama fupi isiyofanana na nyingine, na namba ya mlango wa Nyamerambo haikupanda tena. Kwa hiyo, kijana, jibu lako ni hili: mashine itabeba milango mingi kuliko utakayoweza kuijua kwa majina. Acha kuongeza pale ambapo huwezi tena kusema ni nani yuko nyuma ya kila mmoja.

Ningeishia hapo, lakini nilirudi tena Nyamerambo baada ya kustaafu. Sikuwa na kazi yoyote kule. Nilikuwa napeleka kilo mbili za sukari, na nilitaka kumwona.

Ulikuwa mchana. Nilimsikia kabla sijafika mlangoni, anazungumza, ananyamaza, anazungumza. Nikasimama kizingitini. Alikuwa amekaa pale pale, kisemeo sikioni, na kipande kifupi cha waya nilichobakiza kikiwa kinaning'inia ukingoni mwa meza. Akaniona, hakushtuka. Akasema kwenye simu, "Huyu hapa amefika," kisha akaninyooshea.

"Anataka kukusalimia."

Sikuwa na namna ya kumkatalia mama wa mtu. Nikaipokea. Ilikuwa na joto la mkono wake. Nikaiweka sikioni.

Nimeshika simu maisha yangu yote ya kazi, nanyi mnajua kama mimi: simu isiyo na waya wala umeme haitoi kitu. Hata ule mvumo mdogo wa njia iliyo wazi haupo; ni kama kuweka sikio kwenye tofali. Ile ilikuwa na mvumo. Ulikuwa mbali, mwembamba, na ndani yake kulikuwa na mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema.

Sikumsubiri aseme. Nikamrudishia mama yake.

"Amekuambiaje?" akauliza.

Nilitaka kusema hakuna kitu. Nikamtazama usoni, nikashindwa.

"Amesema anasikia yote unayomwambia."

Bibi Nyangi akaifunika simu kwa kitambaa, akakinyoosha pembe zake nne moja baada ya nyingine.

"Ndivyo alivyoniambia na mimi," akasema. "Amesema pia wewe uliogopa kule Bomani, ukajimwagia chai."

Hilo sikuwa nimemwambia mtu.